Mzazi, Rika na Usemi: Historia ya Mafunzo ya Vijana Kibera na Kawangware

Pindi linapozuka suala la mimba za wasichana wa shule, au la maradhi ya zinaa miongoni mwa vijana wa mitaa ya mabanda jijini Nairobi, lawama huelekezwa pande mbili. Upande wa kwanza ni wazazi, ambao husemwa kuwa wameutupa wajibu wa kuwafunza watoto wao. Upande wa pili ni marafiki, ambao husemwa kuwa ndio wapotoshaji. Hoja hii imerudiwa mimbarini, magazetini na katika mabaraza ya machifu kwa muda mrefu, hata ikachukuliwa kuwa ni kweli isiyohitaji ushahidi. Nyuma yake imejificha dhana ya kihistoria, kwamba hapo kale mzazi alizungumza na mwanawe juu ya mwili, mapenzi na uzazi, na kwamba jiji ndilo lililomziba kinywa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haina msingi. Katika nyingi za jamii zilizowatoa wakazi wa Kibera na Kawangware, mzazi hakuwa msemaji wa mambo hayo. Msemaji alikuwa mtu mwingine. Jiji lilimwondoa msemaji huyo, lakini likauacha mwiko uliomkataza mzazi kusema. Na pengo lililobaki likajazwa na rika.

Msemaji wa zamani

Ushahidi wa pwani ndio ulioandikwa mapema kwa Kiswahili chenyewe. Katika Desturi za Waswahili, kitabu kilichokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa ilitokana na kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mafunzo ya msichana aliyevunja ungo yamewekwa mikononi mwa kungwi, wala si mikononi mwa mama. Mombasa nako, kama alivyoeleza Margaret Strobel katika utafiti wake wa mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa mji huo, kungwi au somo ndiye aliyemwandaa mwari, na uhusiano wao haukukoma siku ya harusi. Mama alijua yote yaliyofundishwa, kwani naye aliyapitia. Lakini heshima ilimtaka awe kama asiyejua.

Huenda msomaji akautaja Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo mwaka 1858, kama mfano wa mama aliyesema na bintiye pasi na mtu wa kati. Mfano huo una uzito. Hata hivyo yafaa ikumbukwe kwamba mama yule alikuwa mgonjwa aliyeihisi safari yake ya mwisho, na kwamba alisema kwa utenzi, yaani kwa usia. Ilihitajika bahari ya ushairi na ukaribu wa mauti ili mama aweze kunena, na hata hapo aliyoyanena ni adabu za mke na za dini kuliko mambo ya mwili.

Bara hali ilikuwa hiyo hiyo kwa majina mengine. Miongoni mwa Wajaluo, wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya ajuza aliyeitwa pim, ambaye mara nyingi hakuwa hata wa ukoo wa baba yao. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao cha mwaka 1989 juu ya Siaya, wamempa pim nafasi kubwa kama mlezi na mwalimu wa watoto, na kwa haki. Wavulana nao walikuwa na simba yao, mbali na nyumba ya mama. Kwa Waluhya pia kijana aliyebaleghe hakuendelea kulala chini ya paa moja na wazazi wake. Hilo lilihesabiwa kuwa aibu kwa pande zote mbili.

Mfano wa Wakikuyu una jambo la ziada. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, alieleza kwa urefu jinsi irua ilivyokuwa shule, na jinsi vijana waliokwisha kupita irua walivyoruhusiwa ngwiko, yaani kulala pamoja kwa mipaka iliyojulikana, pasi na kujamiiana. Kilichoulinda mpaka ule hakikuwa jicho la baba wala la mama. Lilikuwa ni rika. Mvulana aliyeuvuka na kumpa msichana mimba alitozwa faini ya mifugo na wazee, na wenzake wa rika wakamtenga. Hapa ndipo msamiati wa leo unapotupotosha. Neno rika lilipoingia katika mazungumzo ya Kiswahili cha kisasa kupitia maneno kama 'shinikizo la rika', lilikuja likiwa na doa tayari, kana kwamba wenzi wa umri mmoja hawana kazi ila kusukumana shimoni. Kihistoria rika lilikuwa chombo cha kuzuia pamoja na kuwa chombo cha kushawishi, na lililifanya hilo kwa kuwa juu yake walikuwapo wazee.

Msingi wa mipango yote hii ni mmoja, nao ni mgawanyo wa usemi baina ya vizazi. Baina ya mzazi na mtoto palikuwa na heshima. Baina ya babu au nyanya na mjukuu palikuwa na utani. Nyanya aliweza kumwita mjukuu wake 'mume wangu' na asishtuke mtu. Katika utani huo ndimo maarifa ya mwili yalimopitishwa, kwa kicheko na kwa fumbo. Mama angetamka neno lile lile, lingekuwa laana.

Si makusudi ya makala haya kuyapamba ya kale. Irua hiyo iliyosifiwa na Kenyatta ilikuwa pamoja na kuwakeketa wasichana, na mafunzo mengi ya unyago yalimfunza mwanamke kumridhisha mume kuliko kujilinda. Mgogoro wa mwaka 1929 baina ya Misheni ya Kanisa la Skotlandi, yenye makao yake Thogoto, si mbali na Kawangware ya leo, na Wakikuyu waliokataa kuacha desturi hiyo, umeandikwa sana kama sura ya historia ya siasa na ya shule za kujitegemea. Kwa suala linalojadiliwa hapa, matokeo yake ni mengine. Familia zilizotii misheni ziliacha ukeketaji, na pamoja nao zikaacha darasa zima lililofungamana nao. Kule Masasi, Tanganyika, Askofu Vincent Lucas alijaribu kulitia jando ubatizo badala ya kulifuta. Jaribio lake lilikuwa na kasoro zake, lakini angalau lilitambua kwamba darasa likifungwa hapana budi pawe na lingine.

Mitaa miwili, historia mbili

Kibera na Kawangware hutajwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makao ya askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles na jamaa zao, na jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Lugha hiyo, ambayo ni krioli ya Kiarabu, ilichunguzwa na Bernd Heine katika kitabu chake cha mwaka 1982. Wanubi walijenga nyumba za ukoo, wakaishi vizazi kadhaa mahali pamoja, hasa Makina. Na madai yao ya ardhi yalingoja hadi mwaka 2017 ndipo serikali ilipowapa hati ya ekari 288. Wapangaji kutoka magharibi mwa Kenya, Ukambani na kwingineko waliongezeka sana baada ya uhuru, vikazaliwa vijiji kama Gatwekera, Laini Saba, Soweto na Kisumu Ndogo. Ni watu wangapi? Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa ni milioni moja, hadi sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu 170,070, jambo lililowaudhi waliokwisha kuizoea ile milioni.

Kawangware ilikuwa sehemu ya ardhi ya Wakikuyu katika Dagoretti, na iliingizwa jijini mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwenye shamba hakuhama. Alijenga vyumba vya mabati na mbao katika kiwanja chake na kuvipangisha, wengi wa wapangaji wakiwa Waluhya. Kwa hiyo katika ua mmoja mtoto wa mwenye nyumba aliweza kuwa na nyanya hatua kumi kutoka mlangoni, hali mtoto wa mpangaji, nyuma ya ukuta wa bati, nyanya yake alikuwa Vihiga au Kakamega na alimwona Desemba kwa Desemba. Tofauti hii ndogo ya makazi ni kubwa katika malezi, na haionekani katika takwimu zinazowajumlisha 'vijana wa mabanda'.

Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa Nairobi kuwa mgeni wa muda. Kipande kilidhibiti mwendo wake, mshahara wake ulikadiriwa kwa kapera, na makao yake yalikuwa nafasi ya kitanda. Mke na watoto walitarajiwa kubaki kijijini. Baada ya mwaka 1963 vizuizi hivyo viliondoka na familia zikafuata, lakini zilifuata nusu. Nauli ya basi ililipwa kwa ajili ya mke na watoto. Nyanya alibaki kulinda shamba na makaburi.

Kilichowapokea ni chumba cha futi 10 kwa 10. Historia ya malezi katika mitaa hii haina budi kuanzia kwenye chumba hicho, kwa sababu kimefanya kazi ambayo hakuna mhubiri wala mwalimu aliyeifanya. Hakuna mahali pa simba wala pa siwindhe. Kuna pazia, na upande wa pili wa pazia kuna kitanda cha wazazi. Mwiko wa kulala pamoja na wazazi haukufa, na kwa hiyo mvulana afikapo miaka 13 au 14 huambiwa, au hujiambia, akalale kwa rafiki ambaye chumba chake kina nafasi. Wazazi hufanya hivyo kwa heshima, si kwa kupuuza. Lakini simba ya kijijini ilikuwa ndani ya boma, na baba aliipita akienda kuwatazama ng'ombe. Chumba cha rafiki kiko ng'ambo ya mtaro, na hakuna mkubwa anayekipita. Msichana hubaki nyuma ya pazia, anasikia, na haruhusiwi kuuliza alichokisikia.

Lugha ya mzazi na lugha ya rika

Mama wa Kibera au Kawangware hakukaa kimya kabisa. Amesema, ila kwa tafsida, na tafsida zake zastahili kuchunguzwa. Tendo la ndoa kwa Kiswahili cha Nairobi nyumbani huitwa 'tabia mbaya'. Neno hili hulitaja tendo na kulihukumu kwa pumzi moja, na lisilolieleza ni tendo lenyewe. Kijana akitaka kujua ni lini tendo hilo ni salama, au ni lini limefanywa kwa nguvu, hana pa kuanzia, kwa kuwa jina lenyewe limekwisha kutoa hukumu. Na msichana aliyebakwa, akiwa na neno hilo peke yake, atalazimika kusema kwamba amefanya tabia mbaya. Onyo la pili ni 'usicheze na wavulana, utapata mimba'. Kitenzi kucheza kina maana yake ya kawaida, na mtoto wa miaka 11 aliyecheza kati na wavulana jana jioni aweza kukaa wiki nzima akiingoja mimba. Baadaye hugundua kwamba alidanganywa, na hapo humpungukia mama imani katika mambo mengine pia, hata yale ambayo mama alisema kweli.

Sababu ya tafsida hizi si ujinga. Kwa wengi wa wazazi hao Kiswahili kilikuwa lugha ya pili, waliyojifunzia kazini na sokoni, pasi na istilahi za unyago ambazo Mswahili wa pwani anazo. Maneno ya lugha mama yalikuwapo, lakini ni mazito mdomoni mwa mzazi. Kiswahili sanifu cha vitabuni, chenye 'sehemu za siri', 'kujamiiana' na 'kubaleghe', kilisikika kama lugha ya daktari.

Vijana walijitungia yao. Sheng, ambayo asili yake aghalabu huwekwa katika mitaa ya mashariki ya Nairobi katika miaka ya 1970, ingawa wako wanaoirudisha nyuma hadi miaka ya 1930, imejadiliwa sana kama suala la sarufi au kama tishio kwa Kiswahili sanifu. Chege Githiora, katika kitabu chake cha mwaka 2018, ameitazama kwa upole zaidi, kama Kiswahili cha wenyeji wa jiji. Pamoja na hayo Sheng yafaa itazamwe pia kama lugha ya unyago usio na kungwi. Ndani yake kumtongoza mtu ni kumkatia. Mimba ni boli, neno la Kiingereza la mpira. Virusi vya Ukimwi ni mdudu. Maneno haya hayana hukumu, yanasemeka mbele ya wenzi, na mzazi akishayazoea hubadilishwa. Neno linaloudhi kuliko yote ni mubaba, ambalo limeenea katika miaka ya karibuni kwa maana ya mwanamume mzima mwenye fedha anayemweka msichana mdogo. Baba, jina la heshima kuliko yote nyumbani, limeongezewa kiambishi na kuwa jina la mnunuzi. Wanaolaumu Sheng kwa neno hilo wangefanya vyema kumlaumu kwanza anayeitwa kwalo.

Lugha hii ya rika imepitisha maarifa gani? Kuhusu mimba, mengi kiasi. Vidonge vya dharura, viitwavyo P2, hufahamika kwa msichana kupitia rafiki kabla ya kufahamika kupitia muuguzi, na duka la dawa haliulizi habari za mzazi. Kuhusu maradhi, machache zaidi. Kwa kuwa mimba huonekana na jirani, hali maradhi hayaonekani, na rika huogopa kile kinachoonekana. Kwa sababu hiyo kidonge kisichozuia ugonjwa wowote kimepata sifa ya kinga.

Jambo moja zaidi lazima litajwe kuhusu neno rika, kwani linakwenda kinyume cha mazoea. Mwaka 2007 Annabel Erulkar na James Matheka wa shirika la Population Council walitoa utafiti wao juu ya ujana katika Kibera. Pamoja na mengine, walionyesha kwamba wasichana walikuwa na marafiki wachache kuliko wavulana, na mahali pachache salama pa kukutana nao. Anayehubiri dhidi ya 'makundi mabaya' humfikiria mvulana wa maskani. Hatari ya msichana wa Lindi au Gatina yaweza kuwa kwamba hana kundi lolote. Akihitaji sodo na asiweze kulitamka neno hilo mbele ya baba mwenye pesa, wala mbele ya mama asiye nazo, atakayempa ni mvulana au mwanamume, na watafiti waliofanya kazi Kenya wameandika mara kadhaa juu ya malipo yanayofuata. Serikali iliondoa ushuru wa sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitisha sheria ya kuzitoa bure shuleni. Msichana aliyeacha shule hakuhusika.

Ukimwi na warithi wa kungwi

Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Ilipita miaka 15 kabla ya Rais Daniel arap Moi kuutangaza kuwa janga la taifa, Novemba 1999. Baina ya tarehe hizo mbili mwiko wa mzazi uligeuka kuwa mwiko wa taifa. Katikati ya miaka ya 1990 Kardinali Maurice Otunga aliongoza uchomaji wa kondomu na vijitabu vya mafunzo hadharani jijini Nairobi. Moto ule ulisema kwa sauti kubwa jambo ambalo chumba cha futi 10 kilikuwa kikilisema kimya kimya.

Maradhi yalifanya jambo la ajabu kwa nyanya. Yalimrudisha. Wazazi walipofariki, mayatima walikabidhiwa kwake, iwe kijijini au mjini. Lakini alirudi kama mama, akiwa na ada ya shule ya kulipa na fimbo mkononi. Na mtu hawezi kuwa mwenye fimbo na mwenye utani kwa wakati mmoja. Yamkini hapa ndipo mgawanyo wa zamani wa usemi ulipovunjika kabisa, kwani msemaji mwenyewe alihamia upande wa walionyamaza.

Waliokuja kuziba pengo walifuata njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kumfundisha mzazi kusema. Mpango wa Families Matter, uliotoholewa kutoka Marekani na kuanza kutumika Asembo, Siaya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliwakutanisha wazazi wenye watoto wa miaka 9 hadi 12 na kuwazoeza kutamka. Ni dhahiri kwamba mpango huo ulimtaka mzazi wa Kijaluo afanye kazi ya pim, kazi ambayo baba na mama yake hawakuifanya kwake. Kwamba wapo waliofaulu ni ushahidi kwamba mwiko si mwamba. Lakini mpango wowote wa namna hiyo usipotambua kwamba unamwomba mzazi avunje heshima, si uvivu, utamwona mkaidi pale alipo mwadilifu.

Njia ya pili ilipita kwa rika. Kampeni ya Nimechill, katikati ya miaka ya 2000, iliichukua Sheng ili kuhimiza kujizuia. Shujaaz, jarida la katuni lililoanza mwaka 2010 na kugawiwa bure, lilimpa kijana wa kubuni, DJ Boyie, sauti ya mwenzi asiye mwalimu. Lililo karibu zaidi na siwindhe lilianzia Kibera kwenyewe. Mwaka 2002, chini ya shirika la Carolina for Kibera, kiliundwa kituo cha Binti Pamoja, ambamo wasichana hukutana katika vikundi vidogo vinavyoongozwa na msichana aliyewatangulia umri kidogo. Humo mna mahali, mna wakati uliopangwa, na mna msemaji asiye mama wala mgeni. Waanzilishi wake walitoka ng'ambo na huenda hawakumjua pim hata kwa jina, lakini walikifikia kile kile alichokisimamia.

Sheria imeelekea upande mwingine. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu Ukimwi huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya mtu wa chini ya miaka 18 kupimwa virusi, isipokuwa awe mjamzito, amefunga ndoa, ni mzazi, au anajihusisha na mwenendo unaomhatarisha. Sheria hiyo yaonekana ya busara kwa mtunga sheria anayeamini kwamba kijana huzungumza na mzazi. Kwa kijana asiyezungumza naye, maana yake ni kwamba ili apate mlango pasi na mzazi hana budi kwanza kukiri mbele ya mgeni lile ambalo nyumbani laitwa tabia mbaya. Mwaka 2015 serikali ilitoa sera ya afya ya uzazi ya vijana, lakini mafunzo kamili ya jinsia shuleni yamebaki uwanja wa mabishano baina ya wizara na viongozi wa dini.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, wengi wa wanafunzi wakikaa nyumbani hadi Januari 2021, mzazi na kijana waliwekwa katika chumba kimoja kwa muda ambao hawakuwahi kukaa pamoja. Kelele zilizofuata magazetini juu ya mimba za wasichana ziliishia, kama kawaida, kwa wazazi na marafiki. Kitaifa, uchunguzi wa mwaka 2014 ulikuwa umeonyesha kwamba wasichana 18 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walikwisha kupata mimba au kuzaa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 15. Upungufu upo, na hauwezi kuelezwa na wale wanaosema kwamba malezi yanazidi kuharibika kila mwaka.

Katika zahanati za mitaa hii lugha nne hupishana kwa dakika kumi. Msichana humwambia mwenzake kwa Sheng, kisha humwambia muuguzi kwa Kiswahili kwamba amekosa mwezi. Muuguzi huandika kwa Kiingereza. Na mama anayengoja nje huambiwa, pengine kwa lugha ya nyumbani, kwamba ni tumbo. Tumbo laweza kuwa maumivu na laweza kuwa mimba, na mama, ambaye amekwisha kuelewa, haulizi ni lipi.